Mbuzi ya Bibi na Chumvi ya Mara Mbili

Hapa sokoni Maili Moja kuna mashine ya kukunia nazi inayopiga kelele kuliko hata mwenye nayo, na kila ninapoisikia namkumbuka Bibi, mama yake mama. Yeye alikuna nazi kwa mbuzi, ameikalia sawasawa, sinia chini ya meno yake, taratibu, krr, krr, na ole wako umharakishe.

Nilikuwa darasa la tatu. Likizo ya Juni mama alinitoa Kibaha akanipeleka Msimbu, kule Kisarawe, nikae na Bibi, ambaye aliishi peke yake tangu Babu afariki. Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na kila asubuhi tuligombea mume ambaye alishazikwa.

Siku ya tatu niliona jambo. Bibi alitia chumvi kwenye kisamvu, akageuka kuchochea kuni, akageuka tena, akatia chumvi. Tulikula huku tunakunywa maji. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa mboga haikutiwa chumvi kabisa. Mikono yake haikukosea kitu: alitwanga, alikuna, alikamua tui la kwanza akaliweka kando, akakamua la pili la kuchemshia. Kilichompotea ni mahali alipofikia. Ndipo akaanza kuniuliza kwa sauti ndogo, "Mke mwenza, tumeshatia?" Nami namjibu tumeshatia, au bado. Hatukupatana rasmi, lakini hiyo ikawa kazi yangu, na nilijiona mkubwa kama mwalimu wa zamu.

Mbuzi ndiyo iliyotuharibia. Asubuhi moja haikuonekana. Bibi alitafuta jikoni, akatafuta uvunguni, mwisho akasimama uani akapaza sauti kwamba mbuzi imeibiwa. Jirani yetu Mzee Kondo, ambaye miguu yake siku zote ilitangulia masikio, alichukua fimbo akaingia mihogoni kumfukuza mwizi wa mnyama ambaye Bibi hakuwahi kumfuga. Alirudi baada ya saa nzima, suruali imelowa umande mpaka magotini, akauliza yule mbuzi alikuwa wa rangi gani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi hakucheka.

"Umeificha wewe," aliniambia. "Unajifanya unanisaidia, kumbe unanichezea."

Nililia kwa hasira. Alasiri ile ile niliikuta mbuzi ndani ya kapu la nguo zake, ameiviringishia kanga vizuri kabisa. Nikampelekea. Aliipokea, hakuniomba radhi, na mimi sikumsamehe.

Kichekesho cha Mzee Kondo kilifika Kibaha kwa simu yake mwenyewe, na Jumamosi mama akaja. Kabla hajaingia ndani nilimsikia akimwambia Mzee Kondo, "Nikiona hawezi, naondoka naye." Kisha akaingia, akampa Bibi shikamoo, akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema ametamani kisamvu cha mama yake. Nadhani Bibi naye alijua kwamba anapimwa, maana alikwenda kupika amevaa kanga mpya.

Alitwanga, akakuna, akakamua. Akatia chumvi. Mama akamuuliza habari za mazao, Bibi akajibu vizuri tu, halafu mkono wake ukarudi kwenye kopo la chumvi, ukasimama hapo. Akanitazama. Asingeweza kuniuliza mbele ya binti yake. Nilielewa kabisa anachotaka, na ilitosha nitikise kichwa tu. Lakini kinyongo cha kuitwa mwizi kilikuwa bado kimenikaba, nikageuza macho nikatazama moto. Akatia.

Mama alimaliza sahani yake huku anakunywa maji. Bibi alionja tonge moja, akaosha mikono. Jumapili tuliondoka Msimbu watatu.

Kibaha alipewa chumba chenye dirisha kubwa na godoro jipya. Mama alimpenda, sitaki mfikirie vinginevyo. Alimkataza kupika kwa sababu ya gesi, akamkataza kufua kwa sababu sakafu ya uani inateleza, na ufagio ukakabidhiwa dada wa kazi. Wageni walimsifu Bibi kwa kupata watoto wanaojua kumtunza mzazi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyemponza. Leo najua mama angemchukua tu, kama si Jumamosi ile basi nyingine, kwa sababu ule usahaulifu ulikuwa ndio kwanza unaanza. Kunyamaza kwangu kulikuwa roho mbaya ya mtoto wa miaka tisa, nami nimemsamehe yule mtoto, karibu kabisa. Linaloniuma ni lile lililofuata, ambalo nililifanya bila kinyongo chochote, nikidhani ndiyo adabu. Shule zilipofunguliwa, kila asubuhi Bibi alitoka chumbani amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi, akatuuliza, "Niwasaidie nini?" Mikono yake ilikuwa bado inaweza kila kitu. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia amefikia wapi, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, anafunga kamba za viatu vya shule.

"Wewe pumzika tu, Bibi," nilimjibu, nikaondoka.