Bibi wa Ntobeye amenihoji mimi

Jamani, leo nusura nifukuzwe kwenye nyumba niliyotumwa kusaidia.

Nasomea ustawi wa jamii, na sasa niko fildi, mafunzo ya vitendo, huku Ntobeye. Afisa wetu alinituma kwa bibi mmoja, kwa kuwa majirani wanasema mjukuu wake haendi shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

Nikampa kitambulisho cha chuo. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudia picha.

"Huyu ana nywele. Wewe huna."

(Nimenyoa juzi tu!)

Nikauliza mjukuu yuko wapi. Akasema amesafiri.

Hapo hapo mtu akakohoa kwenye chumba cha ndani.

Na mimi nikaanza kumshuku. Anamficha? Anamtesa? Chuoni tulifundishwa dalili kama hizo.

Lakini nikaona anakodolea macho daftari langu, nikalifunga. "Bibi, siandiki tena. Nieleze tu."

Akaketi.

"Mwaka jana walikuja watu wenye fomu kama yako. Wakampiga mjukuu wangu picha za miguu, wakaahidi kiti cha magurudumu. Mpaka leo hawajarudi."

Akafungua mlango wa chumba cha ndani. Binti wa miaka kama kumi alikuwa ameketi kwenye mkeka, ananiangalia kwa jicho lile lile la bibi yake.

"Na wewe unataka picha?" binti akaniuliza.

Nikasema hapana, nataka kujua jina lake tu.

"Ukirudi nitakwambia."

Jumatatu narudi na afisa. Nyie mliopita fildi, mlifanyaje mpaka watu wakawaamini?