Dawa ya Jumapili

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, mama muuza mitumba wa Soko la Toi, hadi kliniki moja ya Gatina, mtaani kwetu Kawangware. Presha yake ilikataa kushuka, na kila daktari aliyemuuliza kama anameza dawa alijibiwa, "Ndio, daktari." Kwetu hiyo ni heshima, si uongo.

Daktari wa siku hiyo, binti aliyelelewa hapa hapa Kawangware, aliweka kalamu chini.

"Mathe, hata mimi dawa ya kila siku hunishinda. Wewe huruka siku gani?"

Jirani alicheka, akaziba mdomo kwa leso. "Za soko zote. Hiyo kitu inanikojoza, na nani ataniangalilia nguo? Mimi humeza Jumapili tu."

"Basi meza kila jioni ukifika nyumbani."

Presha imeshuka. Sasa jirani huwaambia wateja kwamba daktari wake pia huruka dawa, kwa fahari kama ya mama aliyemsomesha binti huyo.