Mama Alipobisha Hodi Kwenye Magofu

Mama alikaa nasi Small Heath, mtaa wa Birmingham, miezi mitatu, na mimi nilikuwa na nia moja tu: apapende, akubali kuhama Mombasa aje kuishi nasi. Baba alikuwa ameshafariki, na nyumba yao kubwa ya huko Mama alibaki nayo peke yake. Basi Jumamosi moja nikamtia garini, nikaendesha mwendo wa karibu saa nne mpaka pwani ya Wales, nimwonyeshe ngome ya kale iliyojengwa juu ya jabali. Nilidhani bahari ingemlainisha.

Ngome yenyewe ilikuwa imebaki kuta tu. Paa hakuna, milango hakuna, ndege wa baharini wanachafua madirisha. Lakini Mama hakuingia chumba hata kimoja bila ruhusa. Anasimama penye mlango, anapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe!" Anangoja. Halafu anatoa salamu na kutanguliza mguu wa kulia.

"Mama, hapa hapaishi mtu tangu zama za zama."

"Wewe wajuaje? Mimi siwezi kuvamia nyumba ya watu."

Njia ilikuwa nyembamba, na nyuma yetu foleni ikaanza kurefuka. Watu wakatazamana. Uso uliniwaka kwa aibu. Mama alipoingia chumba cha nne, mzee mmoja wa Kiingereza akaniuliza kwa upole kama yule bibi yu mzima. Nikamjibu kwa Kiingereza, bila hata kufikiri: "Samahani. Ni mgonjwa, akili zinampotea."

Mama, aliyekuwa muuguzi miaka thelathini! Mama anayejaza fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza kwa kalamu ya wino! Na ukuta ule ulikuwa na tundu la dirisha, naye alikuwa amesimama upande wa pili, ananitazama.

Yule mzee akaenda kumshika mkono, akamwambia polepole, kama anayesema na mtoto, aangalie vidato. Nilingoja Mama amjibu kwa Kiingereza chake cha wodini, mimi niumbuke mbele ya watu. Nilistahili. Hakufanya hivyo. Alilegeza shingo, akamwachia mkono wake, akamuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti nyembamba ambayo sijapata kuisikia kwake, "Hapa ni wapi, baba?" Akaongozwa hivyo mpaka chini, nami nafuata nyuma nimembebea mkoba.

Garini alinimegea mahamri kama kawaida. Tulikuwa tumeshaikaribia Birmingham ndipo aliponena.

"Ningemjibu, angejua umemdanganya. Angekuonaje?"

Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikamuuliza kama anasikia baridi.

Alirudi Mombasa viza ilipokwisha. Kila nikimpigia simu kumwomba aje, husingizia magoti. Nami hujifanya naamini, nikamuuliza kama anapaka dawa.