Mama Verdiane wa Uwanja wa Kalari

Alizaliwa mwaka 1956 katika vilima vya Makamba, kusini mwa Burundi, mtoto wa sita wa mfinyanzi, akabatizwa Verdiane. Mwaka 1972, damu ilipomwagika nchini, alikimbilia Tanzania, na kambini Kigoma akaishi zaidi ya miaka thelathini. Huko ndiko Mungu alikomwita. Katika zahanati ya kambi alimkuta bibi mmoja akikata roho peke yake, kwa kuwa jamaa zake waliuogopa ugonjwa wake. Verdiane alimwosha, akakaa naye hadi pumzi ya mwisho. Tangu siku ile hakutafuta mume. Alisema kazi yake ameshaipata.

Alifika Sydney, Australia, mwaka 2008, akapanga nyumba mtaa wa Mount Druitt, akasomea utunzaji wa wazee. Mwaka 2012 alipelekwa kumhudumia Mzee Raghavan, Mhindi wa Kerala, mwenye shamba nje ya St Marys, mahali nyumba zinapokwisha na malisho ya farasi kuanza. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja. Mzee huyu alikuwa mwalimu wa mapigano ya jadi ya kwao, na nyuma ya nyumba yake alikuwa amechimba kalari, yaani uwanja wa mazoezi: shimo pana lenye kina cha kiuno, sakafu ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, na juu yake paa la nyasi. Pembeni, ngazi saba za udongo zilipanda hadi kwenye taa ya mafuta iliyowashwa kwa heshima ya miungu yao. Wanafunzi waliingia peku, wakainama kugusa ardhi, ndipo wakachukua fimbo na ngao. Verdiane alipapenda mahali pale. Alifagia sakafu ile asubuhi huku akiimba Salamu Maria, na harufu ya udongo ulionyunyiziwa maji ilimkumbusha karakana ya baba yake.

Siku moja Mzee aliomba amwashie taa, kwani mkono wake haukufika. Verdiane alijibu: “Mzee, mimi siwezi kuwasha kwa imani nisiyokuwa nayo. Lakini nitakushika mkono, uwashe mwenyewe.” Akamshika, taa ikawaka, mzee akatabasamu. Wakati huohuo Emerance, jirani yake Verdiane aliyekuja na gari kumchukua, alikuwa amesimama mlangoni. Aliona mikono miwili na moto, maneno hakuyasikia.

Mumewe Emerance, Symphorien, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi parokiani. Jumapili baada ya Misa alimsimamisha Verdiane mbele ya watu. “Mama, tumesikia unawasha taa ya miungu.”

“Papa Symphorien, nilimshika mgonjwa mkono. Njoo ujionee.”

“Mimi niingie shimoni kwa wapagani? Haiwezekani!”

Wakamwondoa katika kufundisha watoto katekisimu na kuongoza rozari. Miezi minane alikaa benchi la nyuma. Alikiri kwa Padri Bahizire, paroko wao Mkongo, kwamba Jumapili zile zilimuuma kuliko njaa ya kambini. Padri, aliyekwisha kwenda shambani na kuona mwenyewe, alitaka kuiamuru jumuiya imrudishe. Verdiane akamsihi: “Padri, usiwalazimishe. Wakiamriwa watanyamaza, lakini hawatanipenda.”

Machi 2014 Symphorien aliumia mgongo akinyanyua mizigo ghalani. Madaktari walimpa vidonge wakamwambia avumilie. Wiki sita hakuweza kusimama. Verdiane alibisha hodi. Emerance alipomfungulia, aliangua kilio kwa aibu. “Usilie, dada,” alisema Verdiane. “Mzee Raghavan ananifundisha kukanda kwa mafuta, jinsi wanavyowatibu wapiganaji wao. Amesema tumlete mumeo.”

Hivyo Symphorien akabebwa na kushushwa katika shimo lile alilolikataa, akalazwa kwenye mkeka. Mzee alielekeza akiwa kitini: “Chini ya mbavu. Polepole.” Verdiane alijifanyia ishara ya msalaba, akakanda, akafanya hivyo siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano Symphorien alipanda kutoka shimoni kwa miguu yake. Hatutangulii hukumu ya Kanisa, wala hatuwadharau madaktari. Tunasimulia tu yaliyoonekana.

“Mama,” alisema, “nilikushuhudia uongo.”

“Basi, Papa, vaa viatu. Emerance amepika, na mimi nina njaa.”

Jumapili iliyofuata Symphorien alirudia ungamo lake mbele ya jumuiya nzima, akamshika Verdiane mkono akamrudisha kwa watoto wake wa katekisimu.

Mzee Raghavan alifariki kwa amani mwaka 2016, Verdiane akiwa kando yake. Wanafunzi wake waliuendeleza uwanja, nao wakamwachia Verdiane autumie siku za Jumamosi. Aliwaleta akina mama wa Mount Druitt na Rooty Hill wanaonyanyua wagonjwa kutwa, wakajifunza kukunja magoti na kunyoosha migongo, kwa vicheko vingi. Mwenyewe aliugua saratani, akalala katika Bwana tarehe 14 Agosti 2018, akiwashukuru wote kwa majina. Wapo wanaosema wameomba kwa maombezi yake na maumivu yakapungua. Padri Bahizire huwasikiliza na kuandika, bila haraka.

Atakaye kufuata mfano wake asitafute makubwa. Katika mtaa wetu yupo mgonjwa ambaye dini yake si yetu, na leo hakuna aliyemjulia hali. Twende tukabishe hodi.