Stelingi Aliyegeuza Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, niliharibu stensili mbili kabla ya saa ya chai. Stensili ilikuwa karatasi yenye nta. Unaipiga kwa mashine ya chapa, herufi zinaitoboa, kisha inafungwa kwenye mashine ya kurudufu na wino unapita kwenye matundu. Ilikuwa miaka ya foleni madukani, na stensili zilikuwa adimu kuliko sabuni. Mkuu wangu, Afisa Utamaduni, ambaye wote tulimwita Bwana Utamaduni, aliziinua dirishani, akazitazama kwa huzuni.

"Binti, hapa umepiga chapa au umechambua dagaa?"

Kazi yangu ilikuwa kuchapa maigizo. Siku hizo kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha sanaa, na igizo lilipita kwanza ofisini kwetu likaguliwe. Nilichapa wapenzi wa kila aina, na saa ya chakula nikaanza kuandika wa kwangu, nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Ilipokuja ruksa ya biashara, wachapishaji binafsi wakachipuka, na vijitabu vya mapenzi vikaanza kuuzwa stendi ya Bunda pamoja na karanga. Nami nilikuwa nimehamishiwa Bunda. Nilimpelekea Mhariri mmoja wa Mwanza hadithi yangu. Alinirudishia akiwa anacheka.

"Msichana wako anapumua, mama. Ila huyu stelingi wako anahutubia. Nani atamlilia?"

Niliumia, lakini alisema kweli. Stelingi, yaani yule mwanamume ambaye hadithi nzima inamzunguka, sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa nimemchapa tu.

Nilimwona kiwanda cha kuchambua pamba. Jina lake Mafuru, fundi mitambo, mfupi, masikio makubwa, nywele zimejaa nyuzi za pamba. Kwenye kikundi cha kiwanda yeye ndiye aliyecheza mpenzi. Alipofika pa kumwambia msichana kwamba anampenda, aligeuza uso kushoto, taya likacheza, na neno lile akaliambia ukuta. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu alishika kifua. Sasa, igizo lile nililichapa mwenyewe, na maelekezo yalisema wazi: anamtazama machoni. Kule kugeuka hakukuandikwa na mtu. Kulitoka wapi?

Nilihudhuria kila onyesho kumchunguza. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliniuliza kulikoni. Nikamwambia ni utafiti, na karibu yote ilikuwa kweli. Nilimpenda Mafuru kama unavyopenda fumbo. Nikampa stelingi wangu ule uso wa pembeni, na Mhariri akachapa mara moja. Kitabu cha kwanza stelingi aligeuka kwa sababu ni yatima. Cha pili, aliwahi kuachwa. Cha tatu nilimpofua jicho moja. Wasomaji walilia kote, lakini mimi nilijua nabahatisha.

Kisha kikaja kinyang'anyiro cha vikundi, Butiama. Bwana Utamaduni alifika Bunda kukagua mazoezi, akaliona lile geuko, akapiga meza.

"Unaongea na ukuta? Kesho ukigeuka tena nakutoa kikundini."

Hayo hayakuwa maneno madogo. Kiwanda kilikuwa kimeanza kupunguza watu, na wasanii ndio waliokuwa wakiachishwa mwisho. Nilimkuta Mafuru amekaa juu ya robota la pamba, nikampa chai, nikamuuliza nilichotaka kukijua miaka yote.

"Dada, ni mkwe," alisema. "Mama wa mchumba wangu. Huwaga anakaa mbele, mkono wa kulia, upande uleule anaposimama msichana wa igizo, na hakosagi igizo. Sisi mkwe hatazamwagi. Nitasemaje maneno yale na uso wangu uko kwake? Ng'ombe wa mahari wenyewe bado hawajatoka. Wajomba watasema sina adabu, na uchumba umeisha."

Yatima, kuachwa, jicho, kumbe ni mama mmoja na kitenge chake!

"Si aambiwe asije?"

"Nani amwambie? Mimi siongeagi naye. Binti yake alimwambia. Akajibu igizo si la Mafuru peke yake."

Kwa hiyo ama apoteze kazi, ama apoteze mchumba. Na bila kazi, ng'ombe wangetoka wapi?

Kesho yake mkwe alipanda lori la mashabiki pamoja na binti yake, na Butiama wakakaa palepale, mbele, kulia, kwenye uwanja wa shule. Moyo wangu ulinidunda kana kwamba mimi ndiye ninayeposwa. Mafuru alifika pale penyewe. Jasho likamtoka. Shingo ikaanza kwenda kushoto, na Bwana Utamaduni akainua kalamu.

Hapo mkwe akasimama. Alichukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiwa ameupa uwanja mgongo, kisha akajifunika kitenge kichwani hadi usoni. Watu wakacheka, halafu wakaelewa.

Mafuru akageuza uso mbele. Hakumtazama hata yule msichana wa kwenye igizo. Alimtazama mchumba wake, aliyekaa kando ya ule mgongo, akamwambia, "Nakupenda. Sina mwingine."

Kisha chini ya kitenge ikatoka sauti nzito, bila kugeuka:

"Tumesikia."

Uwanja ulilipuka. Kikundi hakikushinda; Bwana Utamaduni aliandika kwamba mtazamaji aliingilia igizo. Lakini aliamuru mtu atazame, na mtu alitazama, kwa hiyo Mafuru alibaki kazini mpaka kiwanda kilipofungwa. Ng'ombe walitoka baada ya mavuno.

Niliiandika siku ile yote katika kitabu cha nne. Mhariri aliikata. "Mkwe anatafuta nini kwenye mapenzi ya watu?" aliuliza. Nilikasirika sana.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaoandika kwenye simu mnaniuliza stelingi anapatikana wapi. Nami lile swali la Mhariri liliniwasha miaka yote. Mwaka niliostaafu nilimfuata yule mama, kikongwe tayari, anaanika mihogo. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kukosa igizo hata moja, akijua anamtesa kijana wa watu.

Alicheka kwanza. Kisha akaacha mihogo.

"Mwanangu, mimi niliolewa kwa ng'ombe wengi, na mzee wangu alikuwa mtu mwema. Ila neno lile hakuniambiaga mpaka nikamzika. Nilikuwaga nakuja kulisikia. Siku ile likasemwa kweli, nyuma yangu, na mimi nimejifunika nalia. Nikaona sasa nikinyamaza, nitakuwa nimekufa bila kuliitikia."