Mbwa Wanane Chini ya Paa la Reli

Kwa mwaka mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba vipelelezi vya kwenye mchezo wa kompyuta wa anga za juu haviwezi kupenya paa la nyumba. Ukivirusha ukiwa sebuleni, vinagonga dari na kurudi na kizunguzungu. Ukitaka vione mbali, lazima utoe kompyuta nje na uielekeze mahali palipo wazi.

Aliyenipa elimu hiyo ni mhudumu wa saiba moja, duka la intaneti, karibu na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, na aliitoa bila kucheka. "Kaka, kwani televisheni mlikuwa mnaipata vipi kwenu? Si ni kugeuza antena?"

Hapo alinimaliza. Utoto wangu niliupitisha juu ya paa, nimekumbatia mti wa antena, huku ukoo mzima ukinipigia kelele kutoka ndani: bado, bado, imekuja, imeenda, shika hapo hapo usipumue! Niliwahi kushikilia antena fainali nzima, pamoja na muda wa nyongeza na matuta, na bao sikuona hata moja. Mtu wa malezi kama hayo utamwambia nini kuhusu mawimbi? Tena shule ya jioni nilikuwa nimesoma fizikia mpaka nikaiva. Uvumi ule niliupokea, nikautia nadharia zangu mwenyewe, nikausambaza mtaa wetu wote wa Makongeni, na kuna siku ulinirudia ukitokea mtaa wa Komarock, umenenepa.

Mchezo wenyewe unachezwa na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja. Una meli yako ya angani. Unachimba mawe, unabeba mizigo, unaibiwa. Lakini vitu vitamu vimefichwa: magofu, maghala yaliyosahaulika, mashimo yanayokutupa upande mwingine wa mbingu. Havionekani kwa macho. Ili uvipate, unarusha vipelelezi vinane, unavipanga kwenye ramani, kila kimoja na duara lake, halafu unabonyeza na kusubiri. Kompyuta inakupa asilimia. Ikifika mia, kitu kimepatikana na unaweza kukiendea. Isipofika, unabaki kukodolea macho alama nyekundu. Sisi vipelelezi tuliviita mbwa, kwa kuwa kazi yao ni kunusa.

"Sisi" ni mimi na jirani yangu, mzee mstaafu kutoka magharibi mwa Kenya, aliyeendesha magarimoshi ya mizigo mpaka vidole vyake vikabaki vimejikunja kana kwamba bado ameshika breki. Mimi nauza akala, viatu vya tairi, soko la Kariokor. Mchezo nilimfunza mwenyewe, alipostaafu, ili aache kusimama mlangoni kwangu akinisimulia kila gari lililochelewa tangu uhuru. Haukupita muda akawa na meli ya mizigo kubwa kama mtaa na yenye mwendo wa foleni ya kitambulisho. Hakupigana na mtu. Alibeba mizigo kutoka kituo hadi kituo kwa ratiba aliyoiandika daftarini, na akichelewa dakika mbili aliwaomba radhi watu wa nchi ambazo hata mwalimu wangu wa jiografia hakuzifikia.

Sasa mzee na mkewe walikuwa wanarudi kwao, moja kwa moja. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi asubuhi. Kule kijijini mtandao unapatikana ukipanda kilima, na magoti ya mzee yalishakataa vilima. Kwa hivyo mchezo ulikuwa unaisha. Alitaka kitu kimoja tu: kuiegesha ile meli kituoni, halafu afunge kompyuta.

"Miaka yote niliyofanya kazi," aliniambia, "sijawahi kuacha gari njiani."

Nami Jumapili ya mwisho nikamharibia. "Mzee wangu," nikamwambia, "utaondokaje bila kuona ndani ya shimo? Dakika tano tu. Wewe fuata, mimi nitanusa."

Tukaingia. Kule ni kuzuri, sikatai, mbingu ina rangi ya juisi ya ukwaju. Lakini mashimo yale hayadumu. Lile tulilolipitia lilijifunga nyuma ya meli yake kama mlango wa benki saa kumi. Shimo la kutokea lilikuwepo mahali, limejificha, na mwenye mbwa nilikuwa mimi peke yangu.

"Hakuna neno," nikasema. "Nipe nusu saa."

Jumatatu, sebuleni kwa mzee, nilipata asilimia kumi na nane. Nikalaumu paa. Nyumba za shirika la reli, kama hiyo ya mzee, zilijengwa na watu waliotaka zidumu. Risasi haipiti, sembuse mbwa. Jumanne nikahamia uani, chini ya kamba ya nguo, nikapata ishirini na mbili. Jumatano nikapanda pipa. Alhamisi nikakwea tangi la maji na kompyuta kwapani, nikaielekeza Barabara ya Jogoo, na namba ikaruka ghafla hadi thelathini na tisa! Nilipiga kelele majirani wakatoka kuuliza ni nani amefunga bao.

Lakini haikusonga tena. Na kila niliposhuka nilimkuta mzee ameketi mbele ya kompyuta yake, kofia mkononi, akiitazama meli yake imesimama kwenye giza la watu. Mwanzoni alikuwa ananitania, eti cheti changu nilikipata kwa mkopo. Kufikia Alhamisi aliacha hata kunitania, na hilo ndilo lililoninyima hamu ya chakula. Nilikula sahani mbili tu.

Ijumaa nilifunga kibanda mapema nikaenda kwake moja kwa moja. Vyombo vya nyumba vilishafungwa. Viti vimekumbatiana kwa kamba, godoro limekunjwa liko uani, na kwenye sakafu ya sebule imebaki kompyuta ya mzee na waya wake wa mtandao, vya mwisho kung'olewa. Nilisimama uani juu ya sanduku moja kubwa, nikajitwika kompyuta yangu kichwani kama sinia ya ndizi, kioo kikimtazama mzee aliyesimama nyuma yangu akibonyeza na kusoma.

"Ngapi, mzee?"

"Thelathini na tisa."

"Nikigeuka hivi?"

"Thelathini na tisa."

"Na kuelekea Kariokor?"

"Kijana, itakuwa thelathini na tisa hata ukielekea Yerusalemu."

Mkewe akatoka na kamba mkononi. Huyu mama naye alikuwa wa reli, ila wa ofisi ya vifurushi, na kazi yake ilikuwa kutafuta mizigo iliyopotea. Mchezo wetu hakuupenda. Alituita wachawi wa mchana.

"Shuka kwenye sanduku langu. Kuna vikombe humo."

"Mama, tunatafuta njia."

"Wiki nzima mnatafuta njia kwa kusimama juu ya vyombo vyangu. Lete hapa."

Alikaa kwenye godoro, akavaa miwani, akaweka kompyuta magotini. Alitazama muda mrefu bila kugusa kitu.

"Haya maduara ni ya nini?"

"Ya mbwa, mama. Kila mmoja ananusa ndani ya lake."

"Umewahi kuyapunguza?"

"Niyapunguze kwa nini? Duara kubwa linaona kwingi."

Akanitazama, nadhani, jinsi alivyowatazama wale waliokuja kudai gunia bila kujua walilipakia kituo gani. "Unaona kwingi na hushiki chochote. Ofisini kwetu mtu akipoteza mzigo hatukusimama Nairobi tukauita kwa jina. Kwanza, ni njia ipi? Halafu gari lipi. Halafu behewa lipi. Ukishajua behewa ndipo unaingia na tochi."

Akawakusanya mbwa wote wanane kuizunguka ile alama nyekundu, akapunguza maduara nusu, akabonyeza. Hamsini na nane. Alama ikasogea kidogo. Akawavuta mbwa waifuate, akapunguza tena. Themanini na tatu, na nyekundu ikageuka rangi ya chungwa. Mzee alikuwa ameshamwekea mkono begani, na mimi nilikuwa nimeacha kupumua, kama zamani kwenye antena. Mama akapunguza mara ya mwisho.

Mia. Kijani.

"Haya, nendeni huko," akasema, akanirudishia kompyuta.

Mzee aliingia ndani mbio. Magoti yale yaliyokataa vilima niliyaona kwa macho yangu yakiruka kizingiti. Akalala kifudifudi sakafuni, maana kiti hakikuwepo, na mimi kando yake. Meli yake ikaanza kugeuka, na meli ile kugeuka unaweza kwenda kunyolewa ukarudi. Ikalifikia shimo. Ikapita. Tukatokea kwenye mbingu tunazozijua, nami nikatangulia nikimwonyesha njia, hatua kwa hatua, hadi kituo chake cha kila siku. Akaiingiza polepole, hakugonga kitu.

"Gari limefika," akasema kwa sauti ya kazi, bila kumwambia yeyote. "Salama." Akavaa kofia, akafunga kompyuta, akachomoa waya akaukunja vizuri.

Mama alikuwa uani, ameshaanza kulifunga godoro. Nikamwendea. Nilikuwa na furaha ya kujaza uwanja, lakini msomi hawezi kuacha jambo bila kulifafanua.

"Mama, umefanya kazi safi," nikasema. "Ila tuseme ukweli, hapo ulipokaa ulikuwa umeelekea Barabara ya Jogoo. Hiyo pia imesaidia. Hata mimi jana nilipoelekea huko, si namba ilipanda?"

Hakuinua macho.

"Hao mbwa hawatoki kwenye kompyuta," akasema. "Wako ndani ya mchezo, na mchezo uko kwenye mashine za watu ng'ambo. Paa halihusiki. Jana namba ilipanda kwa sababu ulipokuwa unakwea tangi kidole chako kiliwasogeza. Sasa shika hapo, nikaze kamba."