Maneno ya "sh"

Binti yangu wa gredi ya kwanza alirudi nyumbani Kimumu na orodha ya maneno ya Kiingereza yenye "sh": ship, shop, fish, dish. Nilimsomea kwa ulimi wangu wa kijijini kwetu Sugoi, ambako "sh" hutamkwa "s": sip, sop, fis, dis.

Kesho yake alirudi akilia. Mwalimu alikuwa amemsimamisha ayasome, darasa zima likacheka, naye mwalimu akacheka nao.

Asubuhi nilienda shuleni nikiwa na hasira.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemfundisha. Ukitaka kucheka, unicheke mimi."

"Mama, ilikuwa mzaha tu."

"Basi muombe msamaha mbele ya hao hao waliomcheka."

Alimuomba, nimesimama mlangoni. Lakini hasira yangu haijapoa. Mtoto hataki nimsomee tena.